Kugombea Ugenini

Swali kama chama chenye wafuasi wachache chapaswa kugombea uchaguzi mahali ambapo wenyeji hawakitaki hudhaniwa na wengi kuwa ni swali la hesabu. Viongozi huketi mezani, wakatazama matokeo ya uchaguzi uliopita, wakapima fedha zilizomo mfukoni, kisha wakakata shauri kuwa jimbo hili lafaa na lile halifai. Sina ugomvi na hesabu. Lakini naona kuwa chini ya hesabu hiyo limelala swali jingine, nalo ni la adili: ni nani mwenye haki ya kukata shauri hilo, na ni nani atakayelipa gharama yake baada ya siku ya kura kupita? Hili la pili halizungumzwi sana, na nadhani sababu yake ni kuwa wazungumzaji wakubwa wa siasa si walipaji.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maana ya ugenini. Jimbo ambalo chama hushindwa kwa kura mia au mia mbili si ugenini. Ni uwanja wa mashindano, na kila chama chenye ghera kitaingia humo. Naita ugenini mahali ambapo wengi hawakipingi chama kwa maoni tu, bali huona ni aibu, pengine ni usaliti, mtu wa kwao kukiunga mkono. Huko kura za chama huhesabika kwa vidole, na kila kidole hutafutiwa jina.

Historia ya visiwa vya Unguja na Pemba yatupa mifano mingi ya jambo hili. Katika Julai 1957 wananchi wa huko walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe 6 wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheikh Ali Muhsin, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Hizbu, hakutafuta jimbo la kivulini. Alikwenda Ng'ambo, mahali ambapo Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa kama mtu aliye uani kwake, akasimama kumpinga. Alishindwa vibaya. Chama chake hakikupata hata kiti kimoja katika vile 6. Waliomcheka walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wa upande wake mwenyewe.

Je, alikosea? Kwa hesabu ya viti, ndiyo. Lakini msomaji atazame yaliyofuata. Chama kilichoondoka patupu katika 1957 kilipata viti 9 katika Januari 1961, na ASP ikapata 10, na ZPPP 3. Sitasema kuwa kushindwa Ng'ambo ndiko kulikoleta viti hivyo 9. Mambo ya watu hayaendi kwa kamba moja iliyonyooka namna hiyo, na kati ya miaka hiyo miwili hata idadi ya majimbo ilibadilika. Nasema tu kuwa chama kilikubali kuonwa jinsi kilivyo, na baada ya kuonwa kilijua mahali pa kuanza kazi.

Wapenzi wa kugombea kila mahali hupenda zaidi mfano wa Chake Chake. Katika uchaguzi huohuo wa Januari 1961, ASP, ambayo nguvu zake nyingi zilikuwa Unguja, ilikipata kiti cha Chake Chake, Pemba, kwa kura moja tu. Kama mtu mmoja angalilala na homa siku ile, hesabu ya viti ingaligeuka. Ni hadithi nzuri, nami huisimulia darasani kwa sababu wanafunzi huamka wanapoisikia. Walakini naionea shaka kuwa hoja. Mahali panaposhindwa kwa kura moja si ugenini kwa maana niliyoitoa. Tena hadithi ya kura moja yatufundisha kuipenda kura kwa sababu yaweza kuleta ushindi. Nami natafuta kujua thamani ya kura ambayo haiwezi kuleta ushindi kabisa, leo wala katika uchaguzi ujao. Kama kura hiyo haina thamani, basi wenye hesabu wamekwisha shinda mabishano haya, na mimi niweke kalamu chini.

Tena wenye hesabu wana mfano mzito kuliko ule wa Chake Chake. Katika Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote za visiwa viwili, asilimia 54 na kitu, lakini ilipata viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, na vyama hivi viwili vilivyoshirikiana vikashika serikali. Kura za ASP zilirundikana mahali pamoja kama maji ya mvua bondeni, na zile zilizopigwa kwingine zikapotea. Mtu aweza kusema: tazama jinsi kura za ugenini zisivyojaza kibaba! Ni kweli. Lakini mtu mwingine aweza kuuliza: tungalijuaje kuwa wengi wa wananchi hawakuwakilishwa ipasavyo, kama kura zile zisizojaza kibaba zisingalipigwa? Serikali iliyotokana na hesabu ile ilidumu muda mfupi sana baada ya uhuru wa Desemba 1963, na mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa. Sababu zake ni nyingi, wala si kazi yangu hapa. Nimeutaja mfano huu kuonyesha kuwa kura isiyoleta kiti si kura isiyosema neno.

Sasa tuvuke bahari twende Tanganyika, kwa mtu ambaye kwake nchi nzima ilikuwa ugenini. Bwana Zuberi Mtemvu alikuwa mtumishi wa TANU katika siku zake za mwanzo. Katika Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, ikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mtemvu hakuridhika. Alijitenga, akaunda chama cha African National Congress, ambacho kilitaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Mimi si wa maoni yake. Naona kuwa waliotaka uraia usiotazama rangi walikuwa na haki, na kwamba nchi ilipata baraka kwa kuwafuata. Nalisema hili wazi ili msomaji ajue kuwa ninapomtetea Mtemvu sitetei madai yake.

Tarehe 1 Novemba 1962 wananchi wa Tanganyika walimchagua rais wa kwanza wa jamhuri yao. Mwalimu Julius Nyerere alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276. Kwa kila watu mia waliopiga kura, hata wawili kamili hawakumchagua. Ukitaka kulicheka jambo hili, waweza. Na wengi walilicheka. Lakini linganisha na yaliyotokea miaka miwili kabla. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti vilikuwa 71, na katika 58 kati ya hivyo mgombea wa TANU alipita bila kupingwa. Twajua nini juu ya fikira za watu wa mahali pa viti hivyo 58? Hatujui kitu. Huenda wote walikuwa TANU kwa moyo mmoja. Na kwa jinsi mambo yalivyokuwa mwaka ule, karibu wote walikuwa hivyo. Lakini "karibu wote" ni maneno yangu, siyo ya sanduku la kura. Yule aliyepita bila kupingwa hakuambiwa na mtu kuwa apendwa. Aliambiwa kuwa hakuna mwingine. Mwalimu, kwa sababu Mtemvu alisimama, aliambiwa kwa hesabu kuwa apendwa. Na watu 21,276, kila mmoja mahali pake, waliambiwa kuwa hawako peke yao.

Yaweza kujibiwa kuwa Mtemvu aliwadhuru watu wake kwa kuuonyesha udogo wao. Kabla hajasimama, mtu angaliweza kusema kuwa wapinzani ni wengi lakini hawakupata nafasi; baada ya Novemba 1962 hakuna aliyeweza kusema hivyo. Haikupita miaka mitatu nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Hoja hii ina nguvu, wala siipuuzi. Lakini naona kuwa chama kinachoficha udogo wake ili kidhaniwe kikubwa chaomba heshima kwa kitu kisichokuwa nacho. Na kama udogo wa watu ni sababu ya kuwanyang'anya sauti, kosa ni la mnyang'anyi.

Hapa nataka kutoka katika vitabu kidogo, kwa kuwa swali hili halikunijia kitabuni.

Nilikuwa na mjomba, mvuvi, katika kijiji kimoja cha pwani. Jina la kijiji na la chama nayaacha, kwa sababu walio hai wangali wanaishi pamoja. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 mjomba alikubali kuwa wakala wa chama ambacho pale kijijini kilikuwa kama mzaha. Mgombea alitoka mjini katika gari ya kukodi, akasema kwa muda usiotimia nusu saa, akagawa kofia, akarudi mjini kabla ya magharibi. Siku ya kura mjomba aliketi katika darasa la skuli tangu asubuhi. Usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli, kura zilimwagwa juu ya dawati zikahesabiwa mbele ya mawakala wote. Chama cha mjomba kilipata kura tatu.

Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mkewe. Kabla ya alfajiri kijiji kizima kilikuwa kikiulizana juu ya ile ya tatu.

Sitayarefusha yaliyofuata. Hakuna aliyempiga mjomba wala aliyemtukana. Samaki wake walipofika mnadani, wachuuzi walikuwa na shughuli nyingine. Deni lake dogo la dukani, ambalo kwa miaka lililipwa kidogokidogo, likatakiwa lote. Mama yake, yaani bibi yangu, alipofariki mwaka uliofuata, watu walikuja wakamswalia na wakamzika, kwa kuwa hilo ni la Mungu. Lakini walipotoka makaburini kila mtu alishika njia ya kwake, na matanga tukakaa sisi wa damu peke yetu. Nilikuwa kijana wa chuo wakati huo, nikijua maneno mengi juu ya demokrasia. Niliona uzito wa mikeka iliyotandikwa bila mtu wa kuikalia.

Mambo haya si ya kijiji kile tu. Wasomaji wa historia wanajua kuwa Unguja ya 1958, mwaka mmoja baada ya ule uchaguzi wa kwanza, ilikuwa na kususiana kwa namna hiyohiyo: watu waliacha kununua katika maduka ya upande wa pili, wakulima walifukuzwa katika mashamba ya mikarafuu walimokuwa wakiishi, na baadhi ya watu hawakuzikana. Pemba yalirudi baada ya 1995, yakarudi tena baada ya 2016. Mtu alinyimwa kuuziwa sukari au kupakiwa garini kwa sababu ya chama chake. Wageni waandikao juu ya siasa zetu huhesabu waliouawa, na wana haki, kwa kuwa damu ni kitu kikubwa: mnamo Juni 1961 watu 68 walipoteza maisha katika ghasia za uchaguzi za Unguja. Lakini ghasia kama zile huzuka mahali ambapo pande mbili zakaribiana nguvu. Mchache wa ugenini hapigani. Atapigana na nani? Yeye hupatwa na jambo lisiloandikwa katika taarifa yoyote ya polisi, nalo ni kuachwa.

Ndiyo maana nimesema swali la nani atalipa halizungumzwi. Mgombea wa mjini hulipa dhamana na kodi ya gari. Wakala wa kijijini hulipa kwa mnada, kwa duka na kwa matanga.

Tena kuna jambo la siri ya kura, ambalo naona wataalamu wetu wa sheria hawajalitazama sana. Siri ni haki ya kila mpiga kura, lakini kwa hakika ni haki inayolindwa na wingi. Katika sanduku lenye kura mia mbili za chama hiki na mia moja za chama kile, hakuna ajuaye ni nani aliyepiga ipi. Katika sanduku lenye kura tatu, siri imevuja yenyewe bila mtu kuifungua. Uingereza sheria yaagiza kuwa karatasi za sanduku moja zichanganywe na za sanduku jingine kabla ya kuhesabiwa, hata isijulikane mtaa gani ulimpa nani kura ngapi. Sisi huku twahesabu kituoni, na twabandika matokeo mlangoni. Na katika 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikaza jambo hili iliposema kuwa matokeo ya kiti cha urais yaliyotangazwa jimboni ndiyo ya mwisho. Sababu yetu ni njema: masanduku yanayosafiri usiku hubadilika njiani. Basi tumechagua kujilinda na mwizi, na kwa kufanya hivyo tumemvua nguo yule mchache. Sijui jamii yoyote iliyokwisha kupata dawa ya magonjwa haya mawili kwa pamoja. Mimi mwenyewe, kama ningeulizwa, ningechagua bado kuhesabu kituoni. Lakini ningechagua nikijua ni nani niliyemtoa sadaka.

Kutokana na haya mtu mwenye huruma aweza kukata shauri mara moja: chama kidogo kisigombee ugenini, kwa kuwa chawatia watu wake taabuni bila faida. Rafiki yangu mmoja, mwalimu kama mimi, ndiyo maoni yake, na tumebishana naye miaka mingi. Husema: "Mwenzangu, wewe wapenda ushujaa wa watu wengine." Ni neno chungu, na nimelitafuna sana.

Jibu langu laanza kwa Bwana Bildad Kaggia. Katika Aprili 1966 Bwana Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya, akakiongoza chama kipya cha KPU, na Kaggia akawa naibu wake katika chama hicho. Bunge likatunga sheria upesi kuwa mjumbe aliyehama chama lazima arudi kwa wapiga kura wake. Kaggia, aliyehukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta huko Kapenguria, alilazimika kugombea Kandara, katika nchi ya Wakikuyu wenzake, kwa jina la chama ambacho wengi huko walikiona ni cha Wajaluo. Alishindwa kwa kura nyingi sana. Chama chake kilipata viti 9 tu katika uchaguzi ule wa viti 29, na vingi vyake vilitoka Nyanza. Ugenini wa Kaggia ulikuwa nyumbani kwake. Majirani waliomkataa ni wale aliokuwa akiwasemea juu ya ardhi tangu kabla ya uhuru.

Sasa nauliza: kama KPU ingekaa Nairobi ikasema, "Kandara hatutashinda, tusiwatie watu wetu taabuni, tusigombee," ingekuwa imemhurumia nani? Kaggia alikuwa na fikira zile kabla ya karatasi ya kura kuchapishwa. Wale wachache waliompigia walikuwa nazo pia. Kutogombea kusingewaondolea fikira zao wala kusingewapatanisha na majirani. Kungewaondolea tu mahali pa kuziweka. Huruma ya namna hiyo yafanana na ya mtu anayekukataza kusema ili usigombane na watu, naye hakuulizi kama una neno.

Hapo ndipo naachana na rafiki yangu, na ndipo pia naachana na viongozi wa vyama. Wote wawili, mmoja kwa huruma na mwingine kwa hesabu, wanakata shauri badala ya yule anayelala kijijini. Kwa maoni yangu shauri si lao. Mahali ambapo hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekiomba chama kije, chama kisiende kutafuta fahari ya kusema kuwa kimesimamisha wagombea katika kila jimbo. Hapo rafiki yangu asema kweli kabisa, huo ni ushujaa wa kuazima. Lakini mahali ambapo mtu mmoja, kwa hiari yake na hali akijua majirani zake, asema "nileteeni mgombea nipate mtu wa kumpa kura yangu," chama hakina ruhusa ya kumjibu kuwa yeye ni mmoja. Chama kilimwita ajiunge bila kumwuliza wako wangapi.

Na neno hilo lina mzigo wake. Chama kinachogombea ugenini hukopa kwa mwenyeji, na deni la namna hiyo halilipwi kwa kofia. Likitokea lililompata mjomba, mgombea yule wa mjini alipaswa kuwa wa kwanza kukalia mkeka. Vyama vyetu vina makatibu wa uenezi na makatibu wa fedha. Ni vingapi vina mtu ambaye kazi yake ni kwenda kuwatazama mawakala baada ya kura? Swali hili sikuliuliza kwa kejeli; nimeliuliza kwa viongozi wa vyama zaidi ya kimoja, wakubwa na wadogo, na wote walinitazama kama niliyeuliza habari za mwezini.

Yabaki pingamizi moja ambalo wanafunzi hunirushia kila mwaka, nalo ni la kususia. Wasema: je, kama uadui si wa watu bali ni wa sheria na wa serikali, bado mgombea asimame? Naona hapa pana mambo mawili yaliyovaa kanzu moja. TANU ilipokaa Tabora haikuogopa wananchi. Iliogopa sheria, ambayo pamoja na ile kura tatu ilimtaka mpiga kura awe na elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo. Waliingia, wakashinda, na kwa hiyo twawasifu. Kama wangalishindwa, huenda tungalimsifu Mtemvu. Ushindi ni shahidi asiyeaminika katika kesi za adili.

Upande wa pili CUF ilisusia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa Machi 2016, baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa, kwa sababu iliona kuwa kurudia ni kuhalalisha dhuluma. Yale majimbo ya Pemba, ambayo katika 2010 yote yalikuwa yake, yakapata wawakilishi wa chama kingine, na kwa miaka iliyofuata mtu wa huko aliyetaka kusemewa barazani alisemewa na aliyemkataa. Nao uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki, uko karibu nasi mno. Walioondokewa wangali wanalia, na sitaki kulifanya jeraha bichi kuwa mfano wa darasani. Nasema neno moja tu. Uadui wa watu hupungua kwa kukaa nao, na kwa hiyo mgombea anayeshindwa kwa haki leo amefanya kazi. Uadui wa sheria haupungui kwa kuzoewa. Mwaka 1968 karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa nchi nzima. Mtu aliyefungiwa mlango namna hiyo haulizwi tena kama aingie au asiingie. Anayesusia kwa sababu ya sheria aweza kuwa na haki. Anayesusia kwa sababu majirani hawampendi, kisha akasema ni kwa sababu ya sheria, yeye ajidanganya, na vyama vya pande zetu vimefanya hivyo mara nyingi kuliko vinavyokubali.

Narudi kwa mjomba. Mwaka 2005 nilikuwapo kijijini alipokuja mgombea, yule yule wa kwanza, sasa ana mvi mbili tatu. Alimsalimu mjomba kwa heshima, "Shikamoo mzee," akaitikiwa "Marahaba," kisha akatoa haja yake: alitaka wakala. Mjomba alimwuliza, "Mwanangu, safari hii utalala?" Mgombea alicheka akidhani ni utani wa wazee. Mjomba hakucheka. Mwishowe mtu yule alielewa, akalala siku mbili, akaenda msikitini na wenyeji, akanunua samaki mnadani kwa bei ya mjomba, na siku ya pili wazee wawili walikuja barazani kumtazama, wakanywa kahawa wakaondoka bila kusema kitu cha siasa.

Nilimwuliza mjomba usiku ule kwa nini amekubali tena. Nilitaraji neno juu ya haki au juu ya nchi. Alisema, "Mwanangu, yuko mtu hapa kijijini alipiga ile kura ya tatu. Simjui. Nisipoweka mgombea, yeye atafanya nini siku ile? Atakaa nyumbani, na watu watamwuliza mbona hukwenda."

Kura zilihesabiwa usiku, kwa taa ya umeme safari hii, katika darasa lilelile. Zilikuwa mbili. Mke wake alikuwa amefariki mwaka 2003.